Tamthilia ya hospitali kwenye benchi la kliniki: iachwe au izimwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja wilayani Bagamoyo. Mahali pa kusubiria pana televisheni tuliyopewa na mfadhili, na kina mama wanaokuja kliniki wameizoea tamthilia moja ya kigeni ya madaktari iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Mwenzangu anataka tuizime, kwa sababu anaona inawajaza watu uongo kuhusu hospitali. Mimi naona wanaitazama kwa makini kuliko wanavyonisikiliza ninapotoa elimu ya afya asubuhi. Je, upo ushahidi kwamba tamthilia za namna hii huongeza uelewa wa watu kuhusu afya? Na kama upo, nizitumieje bila kupotosha?

JIBU: Marahaba, Sista. Msiizime televisheni, lakini msiiache izungumze peke yake. Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi, na yanayofuata ni sababu zake, maana wewe na mwenzako nyote mmeona jambo la kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake.

Ushahidi upo, na ulio bora kwetu haukutoka mbali. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa na kituo cha Dodoma, ambako wasikilizaji waliwekewa vipindi vingine katika saa ile ile, ili watafiti waweze kulinganisha watu wa huko na wa sehemu nyingine za nchi. Wasomaji wa rika langu watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori asiyetosheka na wanawake, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani kubeba matokeo yake. Mahali mchezo uliposikika, watu walianza kutumia njia za uzazi wa mpango kwa wingi zaidi kuliko Dodoma, na wengine walipunguza idadi ya wapenzi. Jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo yote ni kwamba mume na mke walizungumza zaidi juu ya uzazi wa mpango. Redio haikumpa mtu kidonge mkononi. Ilimpa mke namna ya kuanza mazungumzo kwa kisingizio cha Mkwaju, bila kuonekana anamshutumu mumewe.

Utaniambia kwamba ule ulikuwa mchezo uliotungwa kwa kusudi la kufundisha, ilhali tamthilia inayotazamwa kwenye benchi lenu imetungwa ili watu wasibadilishe stesheni. Ni kweli. Hata hivyo, tamthilia za biashara nazo zimepimwa. Mwaka 2000 tamthilia ya Marekani iitwayo ER iligusia kirusi cha HPV, ambacho husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kabla ya sehemu hiyo kurushwa, asilimia 24 ya watazamaji wake wa kawaida walisema wamewahi kukisikia kirusi hicho; wiki moja baadaye walikuwa asilimia 47; wiki sita baadaye walikuwa wameshuka hadi asilimia 38. Miaka minane baada ya hapo, katika tamthilia nyingine ya Marekani ya hospitali, Grey's Anatomy, mama mjamzito mwenye VVU alielezwa kwamba akitumia dawa ana nafasi kubwa sana ya kujifungua mtoto asiye na maambukizi. Waliolijua jambo hilo kabla ya kipindi walikuwa asilimia 15, baada ya kipindi wakafika 61, na wiki sita baadaye wakabaki 45.

Tazama namba hizo mara mbili, kwanza ule mpando, kisha lile anguko. Mpando ni mkubwa kuliko ambavyo mimi na wewe tungeupata kwa mabango ya ukutani mwaka mzima. Anguko nalo ni la haraka. Mwaka 1997 tamthilia ile ile ya ER ilipozungumzia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, uelewa ulipanda kwa pointi 17 za asilimia, na baada ya miezi miwili na nusu hivi ulikuwa umerudi ulikoanzia, kana kwamba hakuna aliyetazama. Kwa hiyo anayekuambia tamthilia haifundishi amekosea, na anayekuambia inatosha naye amekosea. Elimu ya tamthilia huingia kwa kishindo na kutoka kimyakimya, isipokuwa pale anapotokea mtu wa kuishikilia kabla haijatoka. Kwenye zahanati yenu mtu huyo ni wewe, ambaye watazamaji wengine wa tamthilia hawana.

Sasa niseme juu ya hofu ya mwenzako, kwa sababu niliwahi kuibeza na ikaniaibisha. Miaka mingi iliyopita, nikiwa Tanga, niliwaonyesha kina mama wa kikundi kimoja cha Ngamiani sehemu nzima ya tamthilia ya hospitali, dakika arobaini na zaidi, nikitumaini watajifunza dalili za ugonjwa wa moyo. Nilipowauliza wameondoka na nini, wa kwanza alinieleza uchumba wa daktari na muuguzi, kwa undani ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeuona. Wa pili alisema amejifunza kwamba mtu akikata roho hurudishwa kwa pasi. Sikuelewa hadi aliponionyesha kwa viganja vyake viwili namna daktari alivyovigandamiza vile vyuma vya mshtuko wa umeme kifuani mwa mgonjwa, na mgonjwa akaruka na kufumbua macho. Watu walicheka, nami nikacheka. Wiki chache baadaye kijana mmoja wa mtaa huo huo alinijia na swali ambalo halikuwa la kuchekesha hata kidogo: alitaka kujua kwa nini, baba yake alipofia wodini, hakuna aliyemletea pasi. Alikuwa ameamini kwamba baba yake alinyimwa kifaa ambacho kipo na ambacho hakishindwi, na alikuwa tayari kwenda kumtafuta mtu wa kumlaumu.

Imani ile haikuzuka hewani. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa madaktari wa Marekani waliotazama sehemu 97 za vipindi vitatu vya televisheni, wakihesabu kila mgonjwa aliyesimama moyo na kukandamizwa kifua. Kwenye televisheni asilimia 75 walizinduka papo hapo. Katika maisha ya kweli, moyo ukisimama nje ya hospitali, hata huko Marekani kwenye magari mengi ya wagonjwa, wanaopona na kurudi nyumbani ni kama mmoja katika kumi. Tena ule mstari ulionyooka kwenye mashine, ambao kwenye tamthilia ndio ishara ya kuleta mshtuko wa umeme, katika tiba ni hali ambayo mshtuko hausaidii; mshtuko hutumika pale moyo unapotetemeka ovyo, si pale ulipokoma kabisa kutoa umeme wake. Na upotoshaji hauendi upande mmoja tu, kwani uchunguzi wa mwaka 2018 juu ya Grey's Anatomy ulikuta kwamba majeruhi wa ajali kwenye tamthilia hufa kwa asilimia 22, wakati majeruhi halisi waliolinganishwa nao walikufa asilimia 7. Mtunzi huua au hufufua kadiri hadithi inavyomtaka.

Kwa kazi yenu, lakini, kosa linalonitia wasiwasi zaidi ni la kifafa. Watafiti wa Kanada walitazama sehemu 327 za tamthilia nne za hospitali na kukuta matukio 59 ya kifafa, na karibu nusu yake wahudumu wa kwenye tamthilia walifanya visivyo: walimshikilia mgonjwa kwa nguvu au walimtia kitu mdomoni. Hayo ndiyo yale yale tunayowakataza watu mitaani, kijiko na kitambaa katikati ya meno, na sasa wanamwona aliyevaa koti jeupe akiyafanya. Hapa ndipo nilipojifunza kanuni ninayoitumia hadi leo, kwamba mtazamaji huiamini mikono ya mwigizaji kuliko mdomo wake. Kabla ya kuonyesha kipande chochote, kitazame kwanza sauti ikiwa imezimwa. Kama mikono inafanya sawa, kipande kinafaa hata kama maneno ni mabovu, kwa sababu maneno utayasahihisha. Kama mikono inafanya vibaya, kiache, hata kama daktari wa kwenye tamthilia anahubiri vizuri namna gani.

Nisije nikamtia mwenzako kiburi, nimweleze na hili. Mwaka 2014 madaktari wa Marburg, Ujerumani, walieleza habari za mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa unadhoofika, na ambaye walimtambua haraka kuwa amedhurika na madini ya kobalti kutoka kwenye nyonga yake ya bandia, kwa sababu daktari aliyeongoza alikuwa akitumia tamthilia ya House kufundishia wanafunzi wake na alikumbuka kisa kinachofanana nacho. Kama profesa hakuona haya kukumbuka tamthilia, mama wa Mlingotini, huko kwenu Bagamoyo, asionewe haya.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo vitabu vya wenzetu haviligusi, nalo ni jina la ugonjwa. Tamthilia yenu imeingizwa sauti za Kiswahili, na aliyeitafsiri alikaa studio akiwa na sekunde chache za kuchagua neno. Mtoto kwenye picha ana homa kali, anakakamaa, macho yanageuka. Mtafsiri akisema ni kifafa, mtazamaji wa Bagamoyo anakiweka kisa kile mahali pamoja na magonjwa ya kuzaliwa nayo. Akisema ni degedege, anakipeleka mahali pengine kabisa. Utafiti uliofanywa katika wilaya hii hii ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu wengi waliijua malaria na waliijua degedege, lakini hawakuyaunganisha hayo mawili: malaria ilikuwa homa ya kawaida ya kupelekwa hospitali, na degedege ilikuwa jambo la dege na mashetani, ambalo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga. Watoto waliochelewa hawakuchelewa kwa sababu wazazi wao hawakuisikia elimu ya malaria. Waliisikia, ila ilikuwa ikizungumzia ugonjwa wenye jina jingine.

Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, kwenye benchi lisilotofautiana na lenu. Tukio la mtoto anayekakamaa lilipoonekana, bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kupimwa uzito alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, "Hilo dege hilo. Wakimdunga sindano, hana maisha." Muuguzi aliyekuwa zamu alichukua rimoti akazima sauti. Hakumkatiza bibi wala hakumsahihisha, alimuuliza, "Bibi, huko kwenu dege likimpata mtoto, homa inakuwa imetangulia au inafuata?" Bibi akafikiri, akasema hutangulia. Wengine wawili wakasema na wao hutangulia. Basi muuguzi akaitoa kaseti ya kipimo cha haraka cha malaria, ile ya plastiki nyeupe, akaipitisha mikononi mwao, akawaeleza kwamba degedege ya mtoto mwenye homa inaweza kuwa ni malaria iliyokuwa kali hadi ikafika kichwani, na kwamba ile sindano wanayoiogopa, ya artesunate, ndiyo inayomrudisha. Mtoto hufa kwa kucheleweshwa, akawaambia, na kwa kuwa huchelewa kwanza kisha hudungwa, sindano ndiyo inayobeba lawama. Mazungumzo hayo hayakuchukua dakika kumi, na tamthilia ilikuwa ikiendelea nyuma yake bila sauti, wala sikumwona aliyeomba irudishwe.

Namna hiyo ndiyo ninayokushauri. Matangazo ya moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi huwezi kuyasimamisha, lakini unaweza kuyazima sauti, na watu wetu hilo si geni kwao: wengi wamelelewa na watafsiri wa filamu wa kwenye vibanda umiza, ambao sauti yao ilimfunika mwigizaji na hadithi ikanoga zaidi. Rimoti ikae mfukoni mwako, isikae juu ya televisheni. Tukio moja kwa siku linatosha, la dakika tatu au nne, na swali lako la kwanza lisiwe la kupima nani amesikiliza. Liwe la kutafuta jina, yaani kwenu hali hii mnaiitaje, na anayeipata hupelekwa wapi kwanza. Ukishalipata jina, lifunge na huduma ambayo mtu anaweza kuipata siku ile ile, kabla hajatoka getini. Kumbuka lile anguko la wiki sita. Mama aliyeona tukio la mjamzito anayekakamaa na papo hapo akapimwa shinikizo la damu, akaonyeshwa namba zake mwenyewe kwenye kadi, akaambiwa kwamba kuumwa kichwa kusikopoa, kuona ukungu na kuvimba uso na mikono ndiyo milango ya kifafa cha mimba, ana kitu cha kushika hata tamthilia ikisahaulika. Hapo tena jina lina kazi yake, maana kifafa cha mimba si kile kifafa kingine. Ukiliacha neno hilo bila kulifafanua, mume atamficha mkewe ndani kwa aibu ya ugonjwa wa ukoo, wakati anatakiwa kumkimbiza kupata sindano ya magneziamu salfeti.

Tukio la HPV likitokea, una bahati ya pekee, kwa sababu chanjo ipo. Ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa walio kati ya miaka 9 na 14. Mama aliye kwenye benchi na mtoto mchanga mapajani huenda ana binti wa miaka kumi shuleni, mwulize.

Yapo mambo ambayo singeyaonyesha kwenye benchi hata kama yameigizwa vizuri. Tukio la mama mwenye VVU ni zuri, na ujumbe wake ni wa kweli hata kwetu, kwani mama anayetumia dawa zake sawasawa hushusha hatari ya kumwambukiza mtoto hadi chini ya asilimia 5 hata akiwa ananyonyesha. Lakini kwenye benchi lenye watu kumi na wawili wanaojuana kwa majina ya watoto wao, tukio lile likianza macho huhama kutoka kwenye kioo na kumwendea yule anayedhaniwa. Mazungumzo hayo yapelekeni kwenye chumba cha ushauri au kwenye kikundi chenye watu walioridhia. Na kama mtataka kunakili vipindi kwenye flashi na kuvionyesha ukumbini, ombeni kwanza ruhusa ya mwenye kazi, COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, watawaelekeza.

Jambo la mwisho ni kwamba hamlazimiki kuishi kwa tamthilia za watu wengine. Afrika Kusini walianza Soul City mwaka 1994, tamthilia iliyojengwa kuzunguka kliniki ya mtaani, na waliitunga wakishirikiana na madaktari. Hapa kwetu Siri ya Mtungi, iliyompa kila mtu simulizi ya Cheche mpiga picha na familia yake, ilichezwa kwenye vichochoro vya Bagamoyo yenyewe, na iligusia uzazi wa mpango na VVU kwa lugha ambayo hakuna aliyehitaji kuitafsiri. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walileta sanaa za maonyesho kwa maendeleo Malya na Bagamoyo, wanakijiji wakiigiza matatizo yao wenyewe na kuyajadili palepale. Na TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mnayo mlangoni. Wanafunzi wawili wa maigizo na bibi mmoja wa kujitolea wanaweza kuwatengenezea tukio la degedege la dakika tano, mikono ikifanya inavyopaswa: mtoto alazwe ubavu, nguo zilegezwe, mdomo uachwe, safari ya zahanati ianze. Mimi ningemwita huyo mwenzako ndiye awe msimamizi wa mikono, kwa kuwa jicho lake la kuona makosa tayari ni kali.

Anza na Alhamisi moja tu. Chagua kina mama watatu waliokuwepo, na baada ya wiki sita, wakirudi kupima watoto uzito, waulize wanakumbuka nini kuhusu tukio lile na walifanya nini walipofika nyumbani. Andika majibu yao kwa maneno yao wenyewe, usiyasahihishe, hata yakiwa ni ya pasi, kisha unitumie.